“Hata hizi nyekundu?” Swali lililonifunza mawasiliano ya miradi ya TEHAMA

Mita ya maji ya kawaida ina tarakimu nyeusi na tarakimu nyekundu. Nyeusi zinahesabu uniti, na uniti moja ni lita 1,000. Nyekundu zinahesabu lita ambazo bado hazijatimiza uniti. Msoma mita mzoefu akishafunua kifuniko na kufuta vumbi kwa kidole, jicho lake linakwenda kwenye nyeusi peke yake. Hakuna aliyemfundisha darasani. Alikuta wenzake wanafanya hivyo, na daftari lake lina nafasi ya nyeusi tu.

Mimi niliyajua hayo baada ya mambo kuharibika. Nilikuwa meneja wa mradi wa kuhamisha ankara za maji za mji mmoja kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye mfumo wa simu janja. Siku ya mafunzo, mama mmoja msoma mita, mtu wa makamo, alinyoosha mkono akauliza, “Kaka, hata hizi nyekundu tuandike?” Kijana aliyekuwa anafundisha, fundi mzuri sana wa programu, alikuwa ameinama anahangaika na waya wa projekta. Akajibu bila kugeuka: “Andika namba zote unazoziona, mama.” Mimi nilikuwa nimekaa nyuma. Nililisikia swali, nikalisikia na jibu, nikaendelea kusoma barua pepe.

Mwisho wa mwezi niliitwa kwenye dirisha la malipo. Alikuwepo bibi mmoja na mjukuu wake, ameshika simu ndogo ya vitufe iliyofungwa kwa mpira ili betri isidondoke. Mwezi uliotangulia mita yake ilisomwa 398. Mwezi huu ilionyesha 00412 nyeusi na 387 nyekundu, na msomaji akaingiza 00412387, zote nane, kama alivyoambiwa. Mfumo ukaondoa humo 398 ya mwezi uliotangulia, ukapata uniti 411,989. Kwa bei ya shilingi 1,500 kwa uniti, bibi alikuwa anadaiwa zaidi ya shilingi milioni 617. Maji aliyotumia yalikuwa uniti 14.

“Mwanangu, nisomee wewe,” aliniambia. “Huyu mtoto anasema ni mamilioni. Mimi naogopa mtakuja kunikatia maji.”

Tulifuta ankara zile siku hiyo hiyo na tukampigia simu kila mteja aliyeguswa. Makosa ya kitaalamu yalikuwepo pia: mfumo ulipaswa kukataa usomaji unaoruka namna ile, na hilo tulilirekebisha kwa mistari michache ya programu. Lakini nilipomfuata yule mama kumuuliza kwa nini hakushtuka alipokuwa anaingiza tarakimu nane, alinijibu kwa upole jambo ambalo sijalisahau: “Nilishtuka. Lakini niliuliza, nikajibiwa. Ningeuliza mara ya pili mngeniona mbishi.”

Jibu lake ndilo lililobadilisha namna ninavyofanya kazi. Mradi wetu haukukosa mawasiliano. Kulikuwa na waraka wa Kiingereza wenye kurasa zaidi ya 60, vikao kila wiki, kundi la WhatsApp, na siku nzima ya mafunzo. Maneno yalikuwa mengi, na hata swali sahihi liliulizwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuhakikisha kwamba fundi na msoma mita wanaposema “namba” wanazungumzia namba zilezile.

Wakubwa nao huanguka hapohapo. Desemba 1998 NASA ilirusha chombo kilichoitwa Mars Climate Orbiter kwenda kuizunguka sayari ya Mirihi. Programu iliyoandikwa na kampuni ya Lockheed Martin ilikuwa inatoa hesabu za msukumo wa injini kwa vipimo vya ratili, na waongozaji wa chombo walizipokea wakiamini kwamba ni vipimo vya nyutoni. Tofauti yake ni karibu mara nne na nusu. Chombo kilitakiwa kupita zaidi ya kilomita 200 juu ya Mirihi, kikapita kama kilomita 57, na tarehe 23 Septemba 1999 kikapotea moja kwa moja. Ninapolisoma tukio hili, sishangazwi sana na vipimo. Linalonigusa ni kwamba baadhi ya waongozaji waliona mapema kuwa hesabu haziendi sawa, wakasema, na wasiwasi wao haukufuatiliwa mpaka mwisho. Bodi ya uchunguzi ilitaja wazi udhaifu wa mawasiliano kati ya makundi ya mradi. Nikamkumbuka mama yangu wa tarakimu nyekundu.

Kwa hiyo sasa, kwenye mradi wowote ninaousimamia, sihesabu kwamba jambo limefika mpaka aliyeambiwa anionyeshe alichoelewa. Neno lenyewe ni anionyeshe. Swali la “mmeelewa?” nimeliacha kabisa, kwa sababu darasa zima litaitikia “ndiyo”, na hiyo “ndiyo” ni ya adabu tu. Tuliporudia mafunzo tulichukua picha tano za mita halisi, moja safi, moja yenye ukungu ndani ya kioo, moja iliyobadilishwa katikati ya mwezi, na nyingine mbili za kawaida, tukamwomba kila mtu aandike kwenye simu kile ambacho angeingiza. Saa moja tu. Tuligundua kwamba kwa mita yenye ukungu, mmoja angeacha wazi, mwingine angerudia usomaji wa mwezi uliopita, na wa tatu angekadiria kwa kuangalia idadi ya watu wa nyumba. Wote watatu walikuwa wameitikia “ndiyo” siku ya kwanza. Yule kijana wa programu alikaa kimya akiandika, na jioni ile akaongeza kitufe cha “haisomeki” ambacho hakikuwepo kwenye waraka wowote.

Sisi tunaofanya kazi kwa Kiswahili tuna mtego mwingine ambao wenzetu wengi wa lugha nyingine hawaujui: saa. Siku ya kuhamia mfumo mpya tulitangaza kwamba ule wa zamani utazimwa “saa 2 usiku Jumamosi”. Wahudumu wa malipo walifunga mapema, wakakaa kwenye viti vyao saa moja na nusu jioni, chai mkononi, wanasubiri. Mafundi wa mzabuni walikuwa nchi nyingine. Ujumbe ulitafsiriwa ukawafikia, nao wakapanga kazi ianze 02:00, ambayo kwetu ni saa nane usiku. Saa nne watu wangu wakachoka wakaenda kulala. Mfumo ukazimwa usiku wa manane, hakuna hata mmoja wa upande wetu aliyekuwa macho kukagua stakabadhi za kwanza, na asubuhi tukakuta malipo ya usiku hayaonekani popote. Ilituchukua siku mbili kuyatafuta moja baada ya jingine.

Na hata “Jumamosi usiku” yenyewe si neno moja. Mimi ni mtu wa pwani. Mzee wa kwetu akikuambia usiku wa Ijumaa, anakusudia ule unaoanza Alhamisi jua likishazama. Kijana wa ofisini anakusudia usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Lugha yetu imeshatupa dawa, tuitumie: “usiku wa kuamkia Jumapili” haina utata kwa mtu yeyote. Mimi huandika kila kitu: usiku wa kuamkia Jumapili, saa 2:00 usiku, 20:00 kwa saa za Afrika Mashariki. Kama seva inahesabu kwa saa za dunia, ambazo zipo nyuma yetu kwa saa tatu, naongeza na 17:00. Ujumbe unakuwa mrefu na haupendezi, na sijali. Tarehe vilevile naandika jina la mwezi, kwa sababu 3/4 kwetu ni tarehe 3 Aprili na kwa Mmarekani ni Machi 4.

Neno jingine la kuliogopa ni “imekwisha”. Fundi akisema imekwisha, mara nyingi ana maana kwamba inafanya kazi kwenye kompyuta yake. Mkurugenzi anasikia kwamba wananchi wameanza kuitumia. Mhasibu anasikia kwamba fedha ya awamu hiyo sasa inadaiwa. Nimewahi kupokea taarifa iliyosema kazi imefika asilimia 90 kwa wiki tano mfululizo, na hakuna aliyekuwa anadanganya. Kila wiki kulikuwa kumebaki kidogo. Asilimia nimeziondoa kwenye taarifa zangu. Kila Ijumaa fundi anafungua mfumo mbele ya mtu mmoja atakayeutumia, si mbele yangu, na mtu huyo ndiye anayefanya kazi kwa mikono yake: anasajili mteja, anatoa ankara, anapokea malipo. Kilichokubali ndicho tunachokiandika. Kilichogoma tunakiandika pia, bila maneno ya kupaka rangi.

Kuhusu WhatsApp nina maoni makali kidogo. Kundi la mradi wetu lilifika watu 34. Piga hesabu: watu 5 wana njia 10 za kuongea wawili wawili, watu 12 wana njia 66, na watu 34 wana njia 561. Hakuna binadamu anayeweza kufuatilia hizo. Uamuzi wa kubadilisha muundo wa namba za wateja ulifanyika mle ndani saa tano usiku, kwenye ujumbe wa sauti wa dakika nne, kati ya salamu za rambirambi na picha ya harusi. Watu kumi wakaweka dole gumba. Dole gumba lile lilikuwa na maana ya “nimeona” kwa wengine na “nimekubali” kwa wengine, na wawili walikiri baadaye kwamba hawakuusikiliza ujumbe wenyewe kwa sababu ya bando.

Sijafuta kundi, maana watu wanalihitaji kwa kupeana habari za njiani. Lakini uamuzi haufanyiki huko. Tuna daftari moja la maamuzi, faili la kawaida kabisa ambalo kila mmoja analifungua kwenye simu, na kila uamuzi una tarehe, nini kimeamuliwa, nani ameamua, na kwa nini. Hiyo “kwa nini” msiiache. Miezi minne baadaye, mtu mpya akitaka kulibomoa jambo, sababu ndiyo itakayomzuia au kumruhusu. Kila upande pia una msemaji mmoja: mmoja wa wahasibu, mmoja wa wasoma mita, mmoja wa mafundi. Anayetaka jambo kwa wahasibu anamtafuta huyo.

Halafu kuna vikao. Ofisi zetu zinajua kuendesha vikao. Tuna ajenda, tuna muhtasari, tuna yatokanayo na kikao kilichopita. Yatokanayo ni kipengele kizuri kuliko vyote na ndicho tunachokipitia mbiombio ili tufike kwenye mapya. Mimi natumia nusu ya kikao hapo. Jina, jambo, tarehe, umefika wapi. Bila kufoka.

Shida kubwa ya vikao vyetu ni nani anayeanza kuongea. Mkurugenzi akifungua kwa kusema “mimi naona tuzindue mwanzoni mwa mwezi”, mjadala umekwisha. Hakuna karani atakayesimama kumpinga mzee mbele ya watu, na simlaumu. Tumelelewa hivyo, na heshima ile ina thamani yake. Kwa hiyo nilimfuata mkurugenzi ofisini kwake kabla ya kikao, tukiwa wawili. “Mzee, naomba leo uzungumze wa mwisho. Nikianza na wewe, sitapata ukweli wa hawa vijana.” Alinitazama kidogo, akakubali. Siku hiyo tulianza na wasoma mita, tukafuata wahudumu wa dirishani, kisha wahasibu, kisha mafundi. Dada wa dirisha namba mbili alieleza kwamba printa za stakabadhi zilikuwa tatu kwa madirisha matano, jambo ambalo sisi wote wenye vyeo tulikuwa hatulijui. Uzinduzi ukasogezwa wiki mbili. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyelitamka hilo mwishoni, kwa hiyo hakuna aliyevunjiwa heshima.

Kuchelewa nako kuna adabu yake. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mara ya kwanza nilipogundua kwamba data za wateja wa zamani zilikuwa chafu, majina yamejirudia, viwanja havina namba, nilikaa nalo siku tisa nikitumaini tutalimaliza kimyakimya. Siku ya kumi ikabidi niseme, na sasa nilikuwa na mambo mawili ya kueleza: data chafu, na kwa nini nilinyamaza. Siku hizi habari mbaya naitoa siku hiyohiyo, kwa simu, sio kwa ujumbe. Nasema kilichotokea, kinamgusa nani, ninachokifanya leo, na lini nitapiga tena. Kisha saa hiyo ikifika napiga, hata kama sina jipya.

Yule mama bado anasoma mita. Tulipofungua kituo cha pili tulimwomba yeye awafundishe wasomaji wapya, na kijana wa programu akakaa pembeni yake kujibu maswali ya mfumo. Alianza kwa kuitoa mita halisi kwenye mfuko wa rambo, akaiweka mezani, akawaambia: “Hizi nyeusi tunaandika. Hizi nyekundu hatuandiki. Haya, wewe wa mwisho pale, njoo unisomee.”