Maswali yenu kuhusu wanaolala nje

Haya jamani, meseji zimejaa. Nimechagua chache, na ile ya nguo za zamani naijibu leo kwa mara ya mwisho.

Kikundi chetu kina nguo za zamani tunataka kuwagawia wanaolala nje, tuanzie wapi?

Kuwauliza wanataka nini. Utashangaa wengi wanataka soksi, chupi mpya na sehemu ya kuchaji simu, sio suti ya marehemu babu yako. Alafu anayelala nje hana kabati, ukimpa mashati sita atayabeba mgongoni siku nzima au atayaacha kona ya mbele, ndo mnakuja kuniandikia eti hawana shukrani.

Tunaweza kupiga picha wakati wa kugawa?

Hapana.

Nasikia kuna nchi zinawapa nyumba hata walevi. Si waache pombe kwanza?

Hebu jaribu wewe kuacha pombe huku unalala barazani kwa watu, mlinzi anakuamsha saa kumi alfajiri, dawa zimeibiwa na kitambulisho kimelowa. Finland walihangaika miaka na utaratibu wa mtu aonyeshe kwanza kwamba anastahili, kuanzia 2008 wakageuza, unapewa kwanza mkataba wa upangaji na funguo, huduma zinakufuata hapo hapo. Wazo lenyewe lilishajaribiwa New York tangu 1992. Miaka ya 80 Finland walikuwa na watu zaidi ya 16,000 wasio na makazi, mwaka 2023 walikuwa kama 3,400. Majirani walilalamika, tena sana, kwahiyo wafanyakazi wakawa wanakaa nao kusikiliza malalamiko, na wapangaji wenyewe wakawa wanaokota takataka za mtaa. Ila mjue zile nyumba zilijengwa na kununuliwa kwa hela nyingi za umma, hazikutokana na michango ya kikundi cha WhatsApp. Kiongozi akiwaambia "wananchi wajitolee" na bajeti ya nyumba haonyeshi, muulizeni.

Kamati yetu ina viongozi wa dini, wafanyabiashara, polisi na ustawi wa jamii, tunakutana kila mwezi ila hatusogei. Shida nini?

Umewataja wote isipokuwa anayelala nje. Marekani kanuni inataka bodi zinazoratibu huduma hizi ziwe na angalau mtu mmoja asiye na makazi au aliyewahi kuyakosa, na mimi naona huyo mmoja akiwa peke yake anaishia kuwa pambo, kwahiyo iteni wawili watatu, muwape posho ile ile mnayojipa nyie. Na mwangalie mnakutana wapi. Kikao saa tatu asubuhi ghorofani, mlinzi anamwambia mzigo uache getini, na mzigo ule ndo vitu vyake vyote duniani, hawezi kuuacha, anageuka anaondoka, ndani mnaandika kwenye muhtasari "mwakilishi hakufika".

Lingine, nina uhakika kila taasisi hapo ina daftari lake. Mtu mmoja kaandikwa mara nne na hakuna anayejua kama kashapata chumba. Tengenezeni orodha moja ya majina, kwa ridhaa yao, na polisi wasiishike, la sivyo hakuna atakayewatajia jina lake.

Tukihesabu usiku mmoja inatosha?

Haitoshi. Marekani wanahesabu usiku mmoja mwishoni mwa Januari kwa msaada wa watu wa kujitolea, na anayelala leo kwa shangazi kesho kwa rafiki haonekani kabisa. Wanawake wengi wapo humo. Hesabuni, ila msimmulike mtu tochi usoni.

Kuna mtoto analala kituo cha basi, nimchukue nikae nae?

Usimchukue. Nenda ustawi wa jamii leo, sio wiki ijayo, na umwambie mtoto unachofanya asije akakimbia akiona wageni. Nia yako naiamini, ila wenye nia mbaya nao huanza hivyo hivyo, ndo maana kuna utaratibu. Ukiondoka pale chukua jina na namba ya afisa uwe unampigia, maana mafaili ya watoto hawa hulala mno.