Muulize Nesi: Mafuriko yamekwisha, mbona bado wanakuja?

SWALI: Hujambo Mama Nesi? Ninakaa Mukuru kwa Njenga, hapa Nairobi. Mafuriko ya 2024 yalipotukumba, watu wa Msalaba Mwekundu walitusaidia kwa blanketi na chakula, na tunawashukuru. Lakini mpaka leo wasichana wenye jaketi nyekundu hupita mlango kwa mlango wakiuliza tunaweka wapi maji ya kunywa, na kutufundisha kunawa mikono kama watoto wa chekechea. Kazi ya afya si ya serikali? Si afadhali hizo pesa watugawie tu? — Mama Neema

JIBU: Sijambo, Mama Neema, na poleni kwa yaliyowapata. Nimekuwa nesi kwa miaka 31, na wengi niliowatundikia dripu za kuhara hawakupaswa kufika wodini kabisa. Ndiyo maana wasichana hao nawapenda kabla hata sijawajua.

Msalaba Mwekundu ulianza Geneva mwaka 1863 kwa ajili ya majeruhi wa vita. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, na mafua ya 1918 yakiwa yameua mamilioni ya watu, vyama vya nchi tano vilikutana Paris mwaka 1919 vikaunda muungano wao. Walijiuliza: hawa wauguzi na watu wa kujitolea tuliowafunza, warudi nyumbani wakakae tu, huku kifua kikuu na malaria vikiendelea kuua? Chama cha Kenya kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, na kazi yake ni kuisaidia serikali. Kuisaidia, nasema, si kushika nafasi yake. Majitaka yakifurika mlangoni pako, hilo ni deni la kaunti, nanyi msichoke kuwadai.

Sasa, kwa nini wanauliza habari za mtungi? Angalia mipira ya maji mtaani kwenu inakopita: ndani ya mtaro. Maji yakikatwa, mpira wenye ufa hufyonza uchafu, na yakirudi unachota ndoo inayong'aa iliyobeba kipindupindu. Hata maji yaliyotoka safi huharibika nyumbani mtoto anapotumbukiza kikombe na mkono wake. Mtungi wa mdomo mwembamba wenye kifuniko, na dawa ya maji iliyopimwa sawasawa, hukinga watu wengi kuliko dripu zangu zote.

Mafuriko hayo hayo yalinikuta nikisaidia katika darasa moja huko Mathare, familia zimelala chini ya ubao. Mama mmoja, mtoto wake akihara, alikuwa amemimina pakiti nzima ya ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, kwenye kikombe kimoja cha maji, akidhani ikikolea ndiyo itaponya upesi. Kumbe chumvi ikizidi, mtoto huzidi kukaukiwa. Kabla sijainuka, kijana wa kujitolea, fundi viatu kwa kazi yake, alikuwa ameshachuchumaa. Alimwaga kile kikombe, akachukua chupa mbili za soda za nusu lita, akazijaza maji yaliyochemshwa na kupoa, akazimimina kwenye jagi, kisha akafungua pakiti mpya: lita moja, pakiti moja. Akamnywesha mtoto kijiko kimoja kimoja. Mtoto akatapika. Akangoja dakika kumi, akaanza tena polepole. Ile subira hakuipata siku ya mafuriko. Alifundishwa miezi mingi kabla, wakati hakuna aliyekuwa akihara, katika ziara kama hizo zinazokuchosha.

Pesa mngegawana, Mama Neema, zingeisha wiki hiyo hiyo. Fundi viatu bado yuko pale pale Mathare.

Pakiti ikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Sukari ndiyo inayolisaidia tumbo kufyonza chumvi na maji, kwa hiyo usiiache. Mtoto akilegea, macho yakididimia au akishindwa kunywa, mbebe hospitali saa hiyo hiyo, na kama bado anaweza kumeza, umnyweshe njiani.