Mikono ya begi inang'oka: ninavyoshona langu la jinzi kuukuu, pazia na viroba hapa Ujiji

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Una jinzi tatu zisizovalika tena, pazia la zamani la sebuleni na viroba vya sembe. Umeshona begi la kwendea sokoni, siku ya pili mkono mmoja ukang'oka, na sasa unauliza ulikosea wapi. Kuna kaka hapo juu kakushauri uachane na matambara ukanunue turubai jipya dukani. Kwa heshima zote, simuungi mkono. Umesema mwenyewe kwamba mikono uliishonea kwenye pindo la juu tu. Hata kwenye turubai jipya ingeng'oka.

Nalijua hilo kwa sababu lilinipata. Sijasomea ufundi, nina cherehani ya miguu aliyoniachia mama, na mabegi nilianza mwaka 2019, ile mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni. Wengine walirudi kwenye vikapu, mimi nikavamia kabati la nguo kuukuu. Begi la kwanza lilipendeza: jinzi nje, kitenge ndani, mfuko mdogo wa simu. Nikaenda nalo soko la Mwanga hapa Kigoma, nikaweka dumu la mawese la lita tano, viazi, na mafungu mawili ya dagaa. Natafuta bodaboda, mkono wa kushoto ukachomoka. Dumu likatua kwa kifuniko. Aliyewahi kumwaga mawese kwenye vumbi la Mwanga anaelewa: hayazoleki, hayafutiki, na kila anayepita anakupa pole huku anaruka.

Dumu lile ni kama kilo nne na nusu tu. Nyumbani nikakaa nikaliangalia tundu, na hapo ndipo nilipojifunza kitu. Uzi wangu wote ulikuwa mzima. Kilichochanika ni jinzi yenyewe. Nilikuwa nimepiga mistari mitano ya mshono mwembamba mahali pamoja nikidhani naongeza nguvu, kumbe nimekitoboa kitambaa kama stempu, na uzito wote wa begi nikautundika kwenye mstari huo.

Angalia mama anavyombeba mtoto mgongoni. Kanga haimkamati mtoto mabegani. Inapita chini ya makalio, inambeba. Tangu siku ile mkanda wangu unapita chini ya begi na kulizunguka, na mzigo unaukalia.

Vipimo ninavyotumia ni hivi, wewe utapunguza au kuongeza. Vipande viwili vya jinzi, kila kimoja sm 50 kwa 50. Mguu wa suruali hautoi upana huo, kwa hiyo unaunga: vipande viwili vya upana wa sm 26 na nusu, mshono ukila sm moja na nusu kila upande, unabaki na 50 kamili. Vile vikubwa viwili viunge upande wa chini tu, kisha tandaza mezani. Utapata kitu kirefu cha sm 97, kama mkeka wa mtoto. Mkanda unashonwa hapo, begi likiwa bado bapa. Ukisubiri mpaka liwe begi utahangaika nalo chini ya sindano mpaka ulie.

Mkanda ni mduara mmoja wa mita tatu. Unaulaza sm 15 kutoka ukingo wa kushoto, unapanda nao mpaka juu, unaacha sm 60 hewani (huo ndio mkono), unarudi nao sm 15 kutoka ukingo wa kulia, unashuka, unapita chini, unapanda upande wa pili, unaacha 60 nyingine, unarudi ulikoanzia. Pazia lako linaingia hapa, kwa kuwa ndicho kitu pekee ulicho nacho chenye urefu. Kata tepe mbili za sm 160, upana sm 10. Ziunge kwanza kwa mshono wa mshazari ili unene usijikusanye sehemu moja, ndipo uzikunje mara nne mpaka zibaki na upana wa sm mbili na nusu, halafu pitisha mshono kila ukingo. Kama pazia ni jepesi, kunjia ndani yake tepe ya kiroba. Yale maungio mawili yapange yaangukie chini ya begi, yasiwe kwenye mkono. Unaposhonea mkanda kwenye jinzi, ishia sm 10 kabla ya ukingo wa juu, uache umelegea. Ukishakunja pindo la juu la sm 4, unarudi kumalizia hizo sm 6 kwa kisanduku chenye msalaba ndani yake. Hatua za mshono ziwe ndefu, upite mara moja, ikizidi sana mara mbili. Usirudie dhambi yangu ya mistari mitano.

Sasa pazia lenyewe ulipime kabla hujalikata. Jua la dirishani linaozesha kitambaa bila kukitoboa. Kwa macho kizima, kwa vidole karatasi. Shika sehemu kwa dole gumba na cha shahada, mikono yote miwili, vuta kwa ghafla. Kikilia "trrr" hicho ni cha kudekia. Mara nyingi upande uliokuwa kwenye mikunjo, mbali na kioo, bado una afya. Jinzi nayo iangalie kwenye mwanga wa mlango: mapajani na magotini utaona nuru inapenya, huko achana nako. Chini ya goti na nyuma ya miguu ndiko kuna nyama. Faida ya nguo kuukuu ambayo yule kaka hakuitaja ni kwamba imeshamaliza kurudi (kusinyaa) na imeshamaliza kuchuja rangi. Turubai jipya, au kitenge kipya, ukishona bila kukifua, siku ya kwanza kwenye maji bitana, kile kitambaa cha ndani, inavutana na nje, begi linapinda mdomo.

Viroba, au salfeti kama wengi wanavyoita, ninavipenda kuliko vyote, na ndivyo vilivyonipa tabu zaidi. Usikikate mdomo kwa mkasi. Ule uzi wa kufungia, ukipata ncha yake sahihi unafumuka wote kwa mvuto mmoja, na unabaki na uzi wa bure wa kufungia vitu. Kigeuze ndani nje, kifue kwa maji baridi na sabuni, maana unga unajificha kwenye msuko na mende wanaujua ulipo. Kilichokaa nje juani miezi usikichukue. Kikunje, ukiona kinapukutika vipande vyeupe kama magamba, kimeshakwisha. Cha mbolea au dawa ya shambani usikiweke kwenye begi la chakula hata ukifue mara ngapi, na neti ya mbu yenye dawa vilevile. Cha saruji mimi sikitumii kabisa, vumbi lake linachoma ngozi.

Ukikata kiroba, nyuzi zake zinamwagika kama ukili uliofumuliwa. Ninapitisha mwali wa mshumaa haraka kwenye ukingo, uani na si jikoni, mpaka zishikane. Upesi tu, ukichelewa unayeyusha. Ninasema hivyo huku nikiwa na pasi yenye kovu. Kiroba kinayeyuka kwenye joto la kama nyuzi 160 za Selsiasi, na pasi inayonyoosha pamba inafika 200. Ya umeme angalau ina namba za kupunguza. Yangu ni ya mkaa, haina namba, ina hasira tu. Nilinyoosha bitana ya kiroba siku moja kabla ya Idi, ikaganda yote kwenye chuma, na kanzu ya mume wangu ilikuwa inangoja kwenye kiti. Tuliikwangua kwa kijiko. Tangu hapo mikunjo ya kiroba ninaikandamiza kwa kucha au mgongo wa kisu, pasi haikigusi.

Kwenye kiroba mshono uwe mrefu, milimita 4 hivi, na sindano namba 14. Kwenye jinzi tumia 16, na pale mkanda unapokutana na pindo nenda 18, uzungushe gurudumu kwa mkono badala ya kukanyaga. Pakigoma, piga ule unene kwa mchi wa kinu, kitambaa kikiwa juu ya jiwe au sakafu. Unalala kabisa. Cherehani ikipanda mlima na kurusha mishono, kunja kipande cha jinzi, kiingize nyuma chini ya kile chuma kinachokandamiza kitambaa ili kisimame sawa. Uzi uwe wa poliesta. Kile kigurudumu cha pamba kilichokaa kwenye kopo tangu enzi za bibi, vuta kwanza. Kikikatika kirahisi mkononi kitakatika na sokoni.

Umeuliza pia kama bila cherehani inawezekana. Inawezekana, ila si kwa bandi, ile mishono mirefu ya kupitisha sindano mbele tu. Bandi ni ya kushikiza tu. Shona kwa kurudi nyuma: sindano inatoka mbele, inarudi nusu hatua, inaingia. Nyuzi muulize fundi viatu akuuzie kidogo, au kama una ndugu wanaoshona nyavu kwa wavuvi wa Kibirizi au Katonga, ule uzi wa nailoni ni mkombozi. Shemeji yangu ni wa nyavu, na vifundo vyake sijawahi kuona vikilegea. Vaa kastabini, ile kofia ya chuma ya kidole, la sivyo kidole chako kitakuwa chujio.

Mkanda ukishakaa, kunja begi katikati, shona mbavu mbili. Likiwa bado ndani nje, vuta kila pembe ya chini mpaka iwe pembetatu, mshono wa ubavu ukilalia wa chini. Pima sm 6 kutoka nchani, chora mstari unaovuka pembe. Utakuwa na urefu wa sm 12. Shona hapo mara mbili. Ile pembetatu usiikate, ikunjie chini uishike kwa mishono michache, inaongeza unene panapoburuzwa. Linatoka begi la upana wa sm 35, kina cha 12, kimo cha 38 na kidogo. Chini ndani ninaweka ubao niliokata kwenye ubavu wa dumu bovu la lita 20, sm 34 kwa 11, pembe nimezikata duara zisitoboe. Bila huo, begi linaning'inia kama soksi.

Bitana ya kiroba ishone kama begi la pili dogo kidogo na uiingize chini ya pindo la juu tu, isishikwe chini. Ukitoka kununua migebuka unaivuta nje kama ulimi, unaisuuza, unaianika. Usitegemee izuie maji yote lakini. Kiroba kimesukwa, na hata vile vyenye ngozi ya kung'aa vinapitisha kwenye matundu ya sindano. Harufu ya samaki ikiingia kwenye jinzi, begi limeshapata kazi moja ya kudumu. Nina mawili, la samaki na la mengine. Dada yangu wa Tabora nilimshonea la tatu, analipakia chupa za asali anaposafiri kwa treni, na bado ananidai zipu. Zipu mimi siweki. Kwenye begi la sokoni inajaa unga wa muhogo inakwama, kifungo kimoja kikubwa na kitanzi vinatosha.

Kuhusu kushona ya kuuza, ulivyodokeza mwishoni: subiri kidogo. La kwanza linakula siku nzima, ukipiga hesabu ya muda wako halijawa na faida. La tano utalishona nusu siku.

Na kabla hujalipeleka popote, lijaze mchanga mkavu kilo kumi, lining'inize kwenye tawi la mwembe usiku kucha, chini yake utandaze kanga. Asubuhi usiangalie begi kwanza, angalia kanga. Mchanga laini unapita penye tundu lolote lililopanuka, na utaona vijistari vyake vimelala sawasawa chini ya mshono uliolegea. Hapo ndipo pa kufumua na kurudia.