Muulize Mjomba: Bastola ya mume wangu imenishinda nguvu

*Shikamoo Mjomba. Tunaishi Houston. Mimi nahudumia wagonjwa majumbani, zamu yangu inaisha saa tano usiku. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu, kwa mwezi yupo nyumbani siku sita au saba. Juzi gari la jirani lilivunjwa vioo, na tangu hapo tumekosa amani. Mume wangu kaamua tununue bastola. Anataka ile iitwayo 1911, ya kaliba (upana wa risasi) .45, anasema jeshi la Marekani liliitumia zaidi ya miaka 70, na "anayepigwa na .45 haamki." Dukani nilishindwa hata kuvuta ile sehemu ya juu. Muuzaji akanitolea kirivolva kidogo, bastola ya silinda inayozunguka, cha rangi ya waridi, eti ndicho wanachopenda akina mama. Shemeji yangu, tunayekaa naye tangu alipoachishwa kazi mwezi wa tatu, anasema tununue ya milimita 9, na kaleta takwimu kwenye simu. Siku hizi hapati usingizi, chakula anagusa tu, ila jambo hili ndilo lililomchangamsha. Tuna watoto wawili, miaka 5 na 9. Makaratasi yetu ya ukaazi yako sawa. Je, tufuate takwimu, au mtu afuate anachokipenda?*

*Mama Wawili, Houston*

Marahaba, mwanangu. Barua yako ina maswali matatu, na hilo uliloliuliza ndilo jepesi kuliko yote.

Nianze na mumeo, maana namjua vizuri: nilikuwa yeye. Nilipita JKT nikiwa kijana wa Tanga, nikafundishwa bunduki za SAR na SMG, nikaja huku nikiamini kwamba silaha ya maana lazima iwe nzito na ipige teke inapofyatuliwa. Miaka kumi na moja nilisimama nyuma ya kaunta ya duka la silaha hapahapa Texas, na Jumamosi nafundisha wanaoanza. Bastola yangu ya kwanza ilikuwa 1911 iliyotumika, mpini wa mbao uliolainishwa na mikono ya watu nisiowajua. Niliipenda kama mtu anavyoipenda baiskeli yake ya kwanza.

Mwaka mzima niliibeba imejaa risasi za kujihami, zile zenye tundu kichwani, ambazo sijawahi kufyatua hata moja. Ubahili tu: kiboksi cha 20 kilikuwa bei sawa na boksi la 50 za mazoezi. Siku moja mwanafunzi akataka kuona zinavyopiga. Nikajaza magazini, kile kibebeo cha risasi. Ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka, ya tatu pua yake ikagota kabla ya kuingia chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, na slaidi, ile sehemu ya juu uliyoshindwa kuivuta, ikaganda katikati. Kijana wa watu akanitazama. Nikajifanya nimepanga iwe hivyo, eti leo tunajifunza kukwamua. Ile bunduki ilibuniwa zama za risasi zenye kichwa cha mviringo, na nyingi za zamani hukwama na hizi za tundu. Mapenzi yangu yote hayakunifahamisha hilo. Risasi tatu zilinifahamisha.

Sasa hilo neno "haamki." Chimbuko lake ni vita vya Wamarekani kule Ufilipino, askari walipolalamika kwamba revolva zao za .38 haziwazuii wapiganaji wa Moro, Waislamu wa kusini mwa visiwa hivyo. Mwaka 1904 maofisa wawili, Thompson na LaGarde, wakaenda kwenye machinjio ya Chicago, wakapiga risasi ng'ombe hai na maiti za watu, wakatoka na pendekezo kwamba bastola ya jeshi isipungue .45. Ndiyo hiyo ikazaa 1911, na ni kweli jeshi lilikaa nayo hadi 1985, lilipohamia bastola ya Beretta ya milimita 9. Mumeo hajadanganya. Anasimulia tu takwimu za machinjioni zenye umri wa miaka mia moja na ishirini.

Kuna kisa kingine ambacho wenye .45 wanakipenda, na mimi nilikihubiri sana pale kaunta. Tarehe 11 Aprili 1986, Miami, maofisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walipambana na majambazi wawili wa benki. Mapema kabisa jambazi mmoja, Platt, alipigwa risasi ya milimita 9 iliyopita kwenye mkono ikaingia kifuani, ikasimama kabla ya kufika kwenye moyo. Akaendelea kupigana. Maofisa wawili wakafa, watano wakajeruhiwa. Mwisho wa yote Platt alikutwa na majeraha 12 ya risasi. FBI ikasema kosa ni la risasi ile, ikahamia milimita 10, ikaona inapiga teke mno, ikahamia .40, na mwaka 2014 kitengo chake cha mafunzo kikaandika sababu za kurudi milimita 9. Karibu miaka thelathini wanazunguka, kisha wanatokea palepale, kama mgeni aliyepotea Kariakoo.

Walirudi kwa nini? Kwanza, risasi zenyewe zilibadilika. Baada ya Miami waliweka kipimo: zinapigwa kwenye jelatini inayoigiza nyama ya mwili, nyingine zikipitishwa kwanza kwenye nguo nzito, mbao, bati na kioo cha gari, na zinatakiwa zipenye kati ya sentimita 30 na 46. Milimita 9 za kisasa zilizo bora zinafika, kama .45 inavyofika. Ukipima upana wa risasi zenyewe kabla hazijapanuka, tofauti ni kama milimita mbili na nusu, yaani upana wa punje ya mchele. Pili, na hapa ndipo pa kutulia, FBI wenyewe waliandika kwamba katika mapambano ya kweli polisi humpata adui kwa asilimia 20 hadi 30 tu ya risasi wanazopiga. Uchunguzi uliofanyiwa polisi wa New York kwa miaka ya 1998 hadi 2006 ulikuta asilimia 18 pale adui anapojibu kwa risasi. Hao ni watu waliofundishwa, wanaolipwa kwa kazi hiyo. Basi mabishano ya kaliba ni mabishano juu ya ile risasi moja kati ya tano iliyopata. Zile nne zimekwenda wapi? Kuta za nyumba zetu huku ni jipsamu, mwanangu, si matofali ya Tanga. Risasi ya bastola, iwe ya mumeo au ya shemeji, inapita ukuta mmoja na wa pili, na inaweza kutokea chumba cha watoto.

Shemeji naye asivimbe kichwa. Nadhani najua alichokuonyesha. Mwaka 2011 mkufunzi mmoja wa polisi, Greg Ellifritz, alichapisha hesabu ya matukio karibu 1,800 ya watu kupigwa risasi. Humo .22, hii ndogo ya kuwindia sungura, iliangusha mtu kwa wastani wa risasi 1.38, wakati milimita 9 ilihitaji 2.45. Ukiisoma kwa haraka utamwambia kila mtu anunue .22! Lakini shuka safu nyingine: waliopigwa .22 na wasizuilike kabisa, hata wangepigwa ngapi, ni asilimia 31. Milimita 9 ni asilimia 13. Na .45 ya mumeo? Asilimia 14. Wastani ule mdogo unatokana na watu wengi kukimbia mara tu wanapopigwa, na milimita 9 inafyatuliwa haraka hivyo mtu anapata mbili tatu kabla hajaanguka. Takwimu ni kama samaki sokoni, zifunue mashavu kwanza.

Kwa hiyo kati ya kaliba hizi za kawaida namba hazimpi mtu ushindi wa kujivunia. Zinaachia nafasi, na kwenye nafasi hiyo ndipo upendeleo unapokuwa na haki yake: mpini unaoenea kiganja, kifyatulio unachokifikia bila kugeuza mkono, slaidi unayoweza kuivuta. Nisimwonee mumeo, 1911 ni nyembamba na kifyatulio chake ni kizuri, nimeona wanawake wenye viganja vidogo wakiipiga vizuri sana. Lakini ina kilo moja na kidogo kabla hujaijaza, na wewe umeshasema imekushinda. Mumeo yuko nyumbani siku saba. Siku ishirini na tatu zilizobaki bastola ni ya nani?

Hicho cha waridi kiache hapohapo. Nilikiuza sana na najuta. Revolva nyepesi namna ile inapiga teke kuliko kubwa, kifyatulio chake kinataka kuvutwa kwa nguvu ya kama kilo tano kwa kidole kimoja, na ndani mna risasi tano tu. Ni bunduki ya mtu mzoefu iliyopakwa rangi ya mwanagenzi. Zipo za milimita 9 zilizotengenezwa slaidi iwe nyepesi makusudi, waombe hizo.

Dawa ya mabishano yenu ni sahani za karatasi, zile tunazolia pilau kwenye harusi. Nendeni kwenye uwanja wa shabaha unaokodisha bastola, wewe na mumeo. Kodi 1911, kodi na za milimita 9 mbili tofauti. Tundikeni sahani hatua saba. Kila mtu apige risasi tano kwa kila bastola, mwingine ashike saa. Andikeni: ngapi zimeingia kwenye sahani, sekunde ngapi, imekwama mara ngapi. Rudieni mara nne, kwa sababu mara ya kwanza kila mtu ni bingwa. Nimewafanyia hivi mamia ya wateja, na wanaume wengi walioingia na .45 kichwani walikunja karatasi yao wakaitia mfukoni bila kunionyesha. Mtakayoichagua, kabla hamjaitegemea, mpige humo angalau risasi mia mbili, zikiwamo za kujihami zenyewe. Msifanye ubahili wangu.

Na usidhani utaibeba kazini. Texas tangu Septemba 2021 mtu mzima wa miaka 21 anayeruhusiwa kumiliki bastola anaweza kuibeba bila kibali, lakini nyumba ya mgonjwa si yako na mwajiri wako bila shaka ana kanuni zake. Kuiacha kwenye gari nako ni kumwekea mwizi. Wasomaji wenye viza ya masomo au ya kazi hili haliwahusu: kwa kawaida sheria ya nchi haiwaruhusu kabisa kununua, na kudanganya kwenye fomu ya dukani ni jinai ya kukufukuzisha.

Swali la pili hukuliuliza: je, muwe nayo? Hapa upendeleo na takwimu zinagombana kweli, na pale kaunta sikuwahi kumwambia mteja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walifuatilia mamilioni ya watu wazima wa California kwa miaka mingi. Mwaka 2022 walichapisha kwamba wasio na bastola wanaoishi na mwenye bastola waliuawa kwa kiwango zaidi ya mara mbili ya majirani wasio na silaha nyumbani, na kupigwa risasi na mwenzi wao ilikuwa mara saba. Miaka miwili kabla walikuta wanaume wenye bastola wanajiua kwa risasi mara nane zaidi ya wasio nayo, na wanawake mara thelathini na tano. Hatari hiyo ilikuwa kubwa zaidi mara tu baada ya kununua ya kwanza. Jambazi mnayemwogopa yumo kwenye hesabu, lakini si yeye anayeijaza. Huku zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa risasi ni waliojipiga wenyewe.

Mna mtoto wa miaka mitano. Texas ina sheria ya kumwadhibu anayeacha bunduki mahali mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia. Mkinunua, sefu ya kufunguka kwa kidole au namba inunuliwe siku hiyohiyo, kwa risiti hiyohiyo. Juu ya kabati si mahali. Mimi nilipanda kabati la bibi yangu nikiwa na miaka minne.

La tatu ni shemeji yako. Uliandika sentensi moja ukapita: hapati usingizi, chakula anagusa tu, kazi hana tangu mwezi wa tatu, na kilichomchangamsha ni kuchagua bastola. Nimeisoma mara nyingi. Huenda ni mtu tu aliyefurahi kuwa na la kusaidia, baada ya miezi ya kujiona mzigo. Huenda si hivyo. Sefu ambayo na yeye anajua namba yake haisaidii kitu.

Leo ukirudi kazini, kama taa yake bado inawaka, mpikie chai ukae naye. Muulize kwa maneno yaliyo wazi: shemeji, unafikiria kujiua? Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, na wengi hupumua wakiulizwa. Akisema ndiyo, au akinyamaza kwa namna usiyoipenda, usimwache peke yake, pigeni 988, namba ya msaada kwa wenye mawazo ya kujiua, palepale. Ni bure, saa zote, na mnaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Mumeo mpigie barabarani umwambie habari za dukani zisimame. Mwambie ni ndugu yake, wala usianze kubishana kaliba.

Shemeji akishalala usingizi na kula, kama bado mnaitaka hiyo bastola, niandikie. Safari hiyo nipimie kiganja kwa rula, kuanzia shina la kidole gumba hadi ncha ya kidole cha shahada, nikuambie uanze kukodi ipi.