Maswali na majibu: Akaunti ya biashara ya nje kwa anayetangaza mtandaoni akiwa nyumbani

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wa kazi moja. Wananunua nafasi za matangazo Facebook, Google na TikTok kwa niaba ya wateja, au wanatangaza bidhaa za watu kwa kamisheni, na sasa wanataka akaunti ya benki nje ya nchi wanayoishi. Kazi hii nimeifanya miaka kadhaa nikiwa Dar es Salaam, na nimewahi kuzuiliwa akaunti ya nje ikiwa na bajeti ya mteja ndani. Kwa hiyo pale ninapojua panauma nitakaa zaidi.

Shikamoo. Niko Mwanza, nina wateja wawili, mmoja Dubai na mwingine Manchester. Kila mwezi malipo yao yananisumbua. Ni lazima nifungue akaunti ya nje? (Msomaji, Mwanza)

Marahaba. Kwa wateja wawili, sioni ulazima. Chukua karatasi uandike pesa inaingia kutoka wapi na inatoka kwenda wapi. Kama inaingia mara moja au mbili kwa mwezi na inayotoka ni ya kulipia Google kwa kadi, akaunti ya dola katika benki ya hapa hapa inatosha. CRDB, NMB na nyingine huzifungua kwa mwenye biashara iliyosajiliwa BRELA, ofisi ya usajili wa kampuni, na mwenye TIN, namba ya mlipakodi, na leseni. Pesa ikitumwa kwa SWIFT, njia ya benki kutumiana pesa kimataifa, benki za njiani hukata chao, kwa hiyo mwambie mteja achague OUR anapotuma, maana yake gharama zote abebe yeye. Ukiacha ichaguliwe SHA, yaani kugawana gharama, utapokea pungufu na utaanza kugombana na mteja bila sababu.

Lipo jambo jingine linalopunguza mzigo kuliko akaunti yoyote. Mteja aweke kadi yake mwenyewe kwenye akaunti yake ya matangazo, akupe wewe ruhusa ya kuisimamia, kisha akulipe ujira wako tu. Dola 5,000 za matangazo zikipita mkononi mwako ili ubaki na dola 400, benki itaziona zote 5,000 na itakuuliza zote.

Akaunti ya nje huanza kuwa na maana pale mteja wa Marekani anapotaka kulipa ndani kwa ndani, au mtandao unaokulipa kamisheni unapokataa kulipa benki za kwetu, au kubadilisha dola kuwa shilingi na shilingi kuwa dola tena kunapokula faida yako. Na kwa aliye Tanzania, fedha za kigeni zina sheria yake ya mwaka 1992 na msimamizi ni Benki Kuu. Uliza huko kwa maandishi kabla hujafungua, na jibu ulitunze. Kenya ilifuta sheria yake ya udhibiti wa fedha za kigeni mwaka 1995, kwa hiyo wenzetu wa huko wana nafasi pana zaidi.

Kaka, watu wananichanganya. Mmoja ananiambia Estonia, mwingine Marekani, mwingine Uingereza. Kampuni niisajili wapi ili nipate akaunti? (Msomaji, Mombasa)

Kusajili kampuni na kupata akaunti ni milango miwili, na anayekuuzia usajili hufungua mmoja tu.

Estonia ilianzisha ukaazi wa kidijitali Desemba 2014. Ni kitambulisho cha kuendeshea kampuni ukiwa mbali. Hakikupi viza wala haki ya kuishi huko, wala hakiilazimishi benki ikupokee. Kadi yenyewe utaifuata mwenyewe, uwekewe alama za vidole. Benki za kule zimekuwa ngumu kwa wasio wakazi kwa sababu inayoeleweka: kati ya 2007 na 2015 takriban euro bilioni 200 zilipita katika tawi la Danske Bank la Estonia, nyingi zikiwa za wateja wasio wakazi na zenye chanzo cha kutia shaka. Tawi likafungwa, na sisi tuliokuja baadaye tunabeba matokeo yake. Wengi wenye kampuni za huko hutumia taasisi za malipo kama Wise au Payoneer badala ya benki kamili. Estonia inamfaa mwenye wateja wa Ulaya. Kodi ya kampuni hulipwa pale faida inapogawanywa, jambo jema kwa anayetaka kukuza mtaji.

Marekani wengi hufungua LLC, aina ya kampuni yenye dhima yenye kikomo, katika jimbo la Wyoming au Delaware. Usajili ni mwepesi. Delaware hudai dola 300 kila mwaka, mwisho tarehe 1 Juni, uwe umeingiza kitu au hukuingiza. Utahitaji EIN, namba ya mlipakodi, ambayo mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, huitoa bure. Asiye na namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani hawezi kuiomba kwa njia ya kawaida ya mtandaoni. Hujaza fomu SS-4 na kuituma kwa faksi au posta. Wapo wanaotoza mamia ya dola kwa karatasi hiyo. Jaza mwenyewe.

Sasa sikiliza hili, maana wauzaji hawalisemi. LLC ya mtu mmoja ambaye si Mmarekani hutakiwa kupeleka IRS fomu 5472 kila mwaka ambao pesa imepita kati ya kampuni na mwenye kampuni, hata kama hakuna kodi ya kulipa. Mtaji wako wa kwanza tu unatosha kukuingiza humo. Faini ya kutoipeleka huanzia dola 25,000. Nimeona vijana wakifungua LLC kama wanavyofungua ukurasa wa Instagram, wakaiacha mwaka mzima, na faini hiyo hawajawahi kuisikia.

Uingereza nayo husajili haraka na haidai mkurugenzi awe mkazi, ila benki zake nyingi zinamtaka mkazi. Tangu Novemba 2025 wakurugenzi hutakiwa kuthibitisha utambulisho wao. Hesabu za mwaka hupelekwa hata kampuni ikilala.

Kwako wewe wa Mombasa ningesema: fuata wateja wako walipo. Kama wengi ni Wamarekani na kazi ni ya kudumu, LLC ina sababu. Kama hawapo, usijitwishe kampuni ya nchi usiyouza chochote.

Nimekataliwa mara mbili kwa sababu ya uthibitisho wa makazi. Nyumba ninayo, naishi, lakini hawaridhiki. Nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

Pole sana, hili ndilo linalowaangusha wengi wetu. Fomu zao zilitungwa na watu ambao bili ya umeme huwafikia mlangoni kila mwezi ikiwa na jina na mtaa. Sisi tunanunua umeme wa LUKU kwa simu, na barua zetu zinakwenda S.L.P. Sanduku la posta hawalikubali, kwa sababu halioneshi mtu analala wapi.

Anza na benki yako ya hapa. Nenda tawini, omba wabadilishe anwani yako kutoka S.L.P. kuwa mtaa, namba ya nyumba na postikodi. Namba hizo zipo tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022. Kama kibao hakipo nyumbani kwako, muulize mtendaji wa mtaa. Kisha omba taarifa ya akaunti ya miezi mitatu yenye muhuri. Hiyo huikubali mara nyingi kuliko barua ya serikali ya mtaa, ambayo ni halali hapa lakini mkaguzi wa mbali hawezi kuithibitisha.

Halafu kagua jina herufi kwa herufi. Kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA wewe ni Athumani, kwenye pasipoti Athuman, benki wameandika Othman, na jina la babu lipo kwenye hati moja na halipo kwenye nyingine. Kwetu huyo ni mtu mmoja. Kwa mashine inayosoma hati ni watu watatu. Chagua pasipoti iwe mzizi, na kila kitu kiifuate: jina kwenye kampuni, kwenye akaunti ya matangazo, kwenye mkataba wa mteja. Wala usiandike anwani ya wakala wa usajili wa Wyoming kana kwamba unaishi pale. Anwani hiyo hiyo imeandikwa na maelfu ya kampuni, na wanaijua.

Kwenye fomu wanauliza biashara yako ni ipi. Nikiandika "matangazo ya mtandaoni" wananiuliza maswali mengi. Niandike kitu kingine? (Msomaji, Nairobi)

Usiandike kingine, ila andika kwa ukamilifu. "Matangazo ya mtandaoni" kwa mkaguzi yanaweza kuwa duka la viatu au kamari. Andika hivi: nasimamia matangazo ya Google na Meta ya maduka matatu ya samani yaliyoko Uingereza; wananilipa kila mwezi kwa ankara, kati ya kiasi hiki na kile; matumizi yangu makubwa ni Google Ads. Weka tovuti inayofunguka, mkataba mmoja na ankara mbili. Mwenye kufanya kamisheni ataje mitandao inayomlipa na aina ya bidhaa. Kamari, sarafu za kidijitali na dawa za kupunguza uzito hukataliwa na wengi, na ukizificha siku ya kwanza zitaonekana siku ya kumi, pesa zikiwa zimeshaingia.

Jambo dogo ila gumu kurekebisha: nchi na sarafu ya akaunti ya Google Ads havibadilishwi ukishaifungua. Panga kampuni kwanza, akaunti ya matangazo baadaye.

Kuna mtu Telegram anauza akaunti ya Marekani iliyokwisha kuthibitishwa, dola 150. Ni salama? (Msomaji, Kampala)

Hapana. Imefunguliwa kwa jina la mtu mwingine, labda kwa hati zilizoibwa. Aliyekuuzia ana uwezo wa kuirudisha mikononi mwake, na pesa zikiingia kisheria si zako. Ukikamatwa nayo unaweza kufunguliwa kesi ya utakatishaji fedha. Dada, hizo 150 anza nazo pasipoti.

Ninaishi Goma. Kila nikichagua nchi yangu, fomu inanikatalia. Ni ubaguzi? (Msomaji, Goma)

Maumivu yako ni ya haki. Wewe hujafanya kosa lolote, na bado unalipa. Lipo shirika linaloitwa FATF linalotunza orodha ya kijivu ya nchi ambazo udhibiti wake wa fedha haramu una mapungufu. Kongo iliingizwa Oktoba 2022, mwezi mmoja na Tanzania. Uganda ilikaa humo tangu 2020 ikatoka Februari 2024, mwezi uleule Kenya ilipoingia. Tanzania ilitoka Juni 2025. Nchi ikiwa humo, mteja wake hukaguliwa zaidi, na kampuni nyingine za fedha huona rahisi kuifuta nchi nzima kwenye fomu. Mimi nadhani huo ni uvivu unaowaumiza wanyonge. Tafuta inayoitaja nchi yako waziwazi kwenye orodha yake, na usidanganye kuwa unaishi Kigali. Kama una ukaazi halali wa Rwanda, hapo utumie.

Pesa iliyoko kwenye hizi akaunti za nje za programu za simu, kama Mercury, ina usalama wa benki? (Msomaji, Muscat)

Inategemea ipo kwa nani. Mercury, kampuni ya Marekani ya akaunti za biashara, si benki. Pesa hukaa kwenye benki washirika, na bima ya Marekani ya dola 250,000 hulipa benki ikifilisika. Kampuni ya katikati ikianguka, ni habari nyingine. Aprili 2024 Synapse, kampuni iliyounganisha programu za fedha na benki, iliomba kufilisika, na watu wengi wakakaa miezi bila kufikia akiba zao. Kwa hiyo iwe njia ya kupitishia. Bajeti ya mwezi mmoja ikae huko, nyingine irudi kwenye benki unakoishi. Na kwa kuwa unaishi Muscat, mkazi wa Oman ndivyo uandike, hata kama pasipoti ni ya Tanzania.

Nikiwa na kampuni ya nje, bado nalipa kodi KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya? (Msomaji, Eldoret)

Ndiyo. Kenya na Tanzania zote huihesabu kampuni kuwa mkazi ikiwa uongozi na maamuzi yake yanafanyika ndani ya nchi. LLC inayoendeshwa kutoka sebuleni Eldoret, maamuzi yote unafanya wewe, ipo Eldoret machoni pa KRA. Estonia na Uingereza hubadilishana taarifa za akaunti na nchi nyingine chini ya utaratibu wa CRS, na Kenya imejiunga. Tafuta mhasibu mwaka wa kwanza, usingoje barua.

Akaunti yangu imezuiwa tangu juzi. Ndani kuna dola 2,300 za mteja na matangazo yamesimama. Nimeshindwa hata kulala. (Msomaji, Dodoma)

Pole, najua usiku huo. Leo, kabla ya lolote, mwambie mteja ukweli na umwombe aweke kadi yake ili matangazo yaendelee. Usifungue akaunti nyingine kwa kampuni ileile, wataona unakimbia.

Kisha waandikie barua pepe moja tu, tulivu. Orodhesha kila muamala mkubwa: tarehe, kiasi, nani alituma, kwa kazi gani, na ankara yake ikiwa na namba. Ambatisha mkataba na risiti za Google zinazoonesha pesa ilikwenda wapi. Wakiuliza jambo moja, jibu hilo, siku hiyohiyo. Wakiamua kufunga, omba kwa maandishi salio lirudishwe kwa aliyelituma au liende kwenye akaunti yenye jina lako.

Mimi nilituma barua tisa za hasira kwanza, na hakuna iliyojibiwa. Ya kumi ilikuwa na jedwali la miamala kumi na nne, bila neno la lawama. Walijibu baada ya siku nne, na wiki ya sita pesa ikarudi kwa mteja wangu kamili. Bado tunafanya kazi naye.