Jibu: Ile picha ya mama na mtoto juu ya paa, Budalang'i

Ndugu, umeuliza kama hiyo picha ya mafuriko ya Budalang'i, huku magharibi mwa Kenya, ni ya kweli. Mimi naona ni kazi ya akili unde (AI), yaani imechorwa na kompyuta. Ikuze, uangalie ile bodaboda iliyozama nusu: namba za pikipiki zetu huanza na KM, hiyo ina michirizi tu inayojifanya herufi. Na maji je? Mto Nzoia ukifurika huja na tope la kahawia, si buluu ya bwawa la hoteli! Vidole vya ajabu, ishara ya zamani ya picha bandia, usivitegemee sana; siku hizi programu zimejifunza kuvichora. Mwaka 2024, kimbunga Helene kilipopiga Marekani, picha ya msichana na mbwa mdogo ndani ya mashua iliwaliza wengi, kumbe bandia. Ipitishe kwenye Google Lens, inayotafuta picha ilikotokea mtandaoni, au mpigie mtu wa Port Victoria, mji ulio huko huko Budalang'i.