Insulini ikianza "kumzidi" mgonjwa, anza na figo

Ukiwa mgeni kliniki ya kisukari, utampata mgonjwa wa aina ya pili aliyezoea uniti 40 asubuhi na 20 jioni, ambaye sasa sukari inamshuka kila mara. Nyumbani wanashukuru kwamba mzee anapona. Usiwaunge mkono haraka. Sehemu kubwa ya insulini ya sindano huondolewa na figo. Zikichoka, dozi ile ile hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Nafuu hiyo huenda ni figo zinazokwisha.

Pima kreatinini ya damu, taka ambayo figo huiondoa, upate kiwango cha uchujaji wa figo, kisha uwiano wa albumini (protini ya damu) na kreatinini kwenye mkojo wa kwanza wa asubuhi. Kijiti cha kuchovya hakitoshi: miligramu 30 hadi 300 za albumini kwa gramu ya kreatinini mara nyingi hazionekani kwacho. Maambukizi ya njia ya mkojo (UTI), homa, hedhi au mazoezi makali ya jana yake huipandisha albumini, kwa hiyo subiri vipimo viwili kati ya vitatu viwe juu ndani ya miezi 3 hadi 6 kabla ya kusema albumini imepanda kweli. Uchujaji ukiwa kati ya mililita 10 na 50 kwa dakika, punguza insulini kwa karibu robo. Chini ya 10, nusu. Kwa vidonge vya kisukari, metformini iachwe uchujaji ukiwa chini ya 30, na glibenklamaidi isibaki kwenye cheti. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, nayo hudanganya akiwa na upungufu wa damu.

Kingamwili za insulini, yaani zile ambazo mwili hutengeneza dhidi ya insulini, zina sura nyingine. Wengi wanaochoma wanazo bila madhara, lakini zikizidi huikamata insulini baada ya sindano na kuiachia baadaye: sukari mmol/L 18 baada ya chakula cha jioni, 2.8 saa tisa usiku. Figo zikiwa mbovu pia, insulini inayoachiwa inachelewa kuondoka, na hapo ndipo usiku unapokuwa wa hatari kweli.

Kosa la kila mwaka ni kuagiza kingamwili hizo kutafuta kisukari cha aina ya kwanza kwa mtu aliyekwishaanza sindano. Sindano yenyewe huzizalisha. Agiza za GAD, kimeng'enya cha seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Peptidi C, ambayo kongosho huitoa pamoja na insulini yake, nayo hupanda figo zikifeli, usiisome peke yake.

Dozi ya jioni ipunguze leo leo. Kisha mtu wa nyumbani amwamshe saa tisa usiku, siku tatu mfululizo, apime na kuandika namba daftarini. Ikiwa chini ya 4, apewe sukari hapo hapo, asingoje asubuhi.